Baba Nekesa, Sitakuzikia Mgomba

Mpendwa Baba Nekesa,

Kaka zangu wamekaa kikao wakaamua tukuzikie mgomba. Wanasema Nekesa wetu hawezi kuolewa kama haijulikani babake yu hai au alikufa. Kwa hiyo tukate shina la mgomba, tulilaze kaburini badala ya mwili wako, tulie, yaishe. Nimekataa. Wamenuna, lakini wananijua.

Unakumbuka ulivyofika kwetu Matungu, enzi zile miwa imepandwa hadi mlangoni na kila mtu anatafuta wakataji? Ulikuwa umekimbia vita vya kwenu Uganda na shati moja. Ulivyoshika panga vibaya, baba yangu akakuuliza kama kwenu miwa hukatwa kwa kijiko. Nilicheka, ukanikazia macho. Hapo ndipo nilipokupenda, sijui kwa nini.

Shairi lako tulilisikia huko huko shambani, ukikata na kusema. Kila aliyeuawa kijijini kwenu alikuwa na mstari wake: jina, na kazi aliyokuwa akifanya askari walipofika.

Kato yuko kisimani, anajaza debe lake.
Nambi naye yu jikoni, anamenya ndizi zake.

Nilikuuliza mbona unatunga kwa Kiswahili, na kwenu watu wanakiogopa kwa kuwa ni lugha ya askari. Ukasema, "Ndiyo maana. Nataka wao waelewe."

Halafu baba akafanya wema wake. Alikata migomba, akachimba makaburi nyuma ya nyumba, akachinja jogoo, akakuita. "Kijana, zika watu wako. Sisi huku mtu akipotelea mbali tunamzikanga hivi." Ukakataa mbele ya wazee wote. "Asante, mzee. Lakini tukishawazika, nani atauliza tena waliuawa na nani?" Baba aliudhika sana, akakaa muda mrefu bila kumega obusuma, ugali wetu, sahani moja nawe. Hata mimi nilikuona mkaidi. Leo nakuelewa kabisa.

Tukaoana, Nekesa akazaliwa. Vita vilipopoa ukataka kurudi ukawasemee shairi waliobaki. Kabla ya kuondoka ulinifundisha mistari yote. Mimi nikamvalisha Kato shati la bluu ili mstari wake upendeze, ukanikemea: "Ulimwona?" Nikamvua.

Hukurudi. Nimeuliza kila mtu aliyevuka mpaka, hakuna anayejua. Inaniuma, nisikudanganye. Kuna siku nakukasirikia kabisa, nikiwa peke yangu kwenye palizi, nikakugombeza kwa sauti hadi majirani wananitazama.

Lakini shairi lipo. Nekesa analijua lote, na mchumba wake anajifunza, apende asipende. Kato, Nambi na wenzao hawajasahauliwa, na mimi siogopi kusema majina yao mbele ya mtu yeyote. Kwa hiyo siku ya harusi, kaka zangu wakisimama kuuliza baba wa bibi harusi yuko wapi, nitawajibu kwa mstari wako. Nimeutunga mwenyewe, nikaweka nilichokiona tu, asubuhi ile ulipotuaga:

Baba Nekesa njiani, amcheka mke wake.

Sikusema umekufa, kwa sababu sikuona. Kama nimekosea, njoo urekebishe mwenyewe.

Ni mimi mkeo,
Mama Nekesa