Spika Kubwa za Kebirigo na Sauti ya Shemeji

Mpendwa mshauri, naomba msaada, lakini kwanza nitangaze rasmi, wananchi wote wajue, kwamba tangu mwezi wa tano Kebirigo ina spika mbili zinazonifikia kiunoni, na zote ni zangu.

Nina kazi ndogo ya kurekodi kwaya sebuleni kwangu kwa tepurekoda, maikrofoni moja na betri ya lori, nikaenda Kisii kutafuta spika za kusikilizia ninachorekodi, muuzaji akanionyesha mbili ndogo za rangi ya majivu akasema, "Bwana, hizi hazipambi, zinasema ukweli," nami nikamjibu ukweli ninao nyumbani, nimeuoa, nipe zile kubwa, maana nilitaka mgeni akiingia ajue ameingia kwa nani. Mke wangu Mokeira alizipokea vizuri, akasema, "Baba Nyamusi, hatuwezi kuacha masanduku uchi mbele ya wageni," akazifumia vitambaa vya sufu, vizito, vinashuka mpaka sakafuni, juu akaweka maua ya plastiki, na kwa kweli zinapendeza.

Kabla ya makambi ya kanisa nikarekodi kwaya yetu ikiongozwa na Nyanchera, mdogo wa Mokeira, yaani shemeji yangu, lakini kila nikicheza kanda nyumbani sauti yake inatoka imezibwa kama mtu anayeimba ndani ya ghala la mahindi, basi nikawaimbisha tena huku nimezungusha kitufe cha sauti nyembamba mpaka kikakataa kuendelea, na pale nyumbani ikawa tamu sana. Siku ya makambi tukaicheza kwenye kipaza sauti cha kanisa. Mshauri, Nyanchera alitoka kama kisu kinachokwangua sufuria. Watoto wakaziba masikio, mzee mmoja wa kanisa akauliza, "Huyo anayechinjwa ni nani?" watu wakacheka, nami badala ya kunyamaza nikasimama nikasema mashine yangu haina kosa, shemeji ndiye aliyeharibikiwa sauti. Shemeji! Tena mbele ya mama mkwe wangu!

Tangu siku hiyo Nyanchera haimbi, hata jikoni, kanisani anakaa nyuma na kitabu cha nyimbo kimefungwa, na Mokeira ananipikia kama kawaida ila anaweka sahani anaondoka. Nimeona haya mpaka sokoni napitia nyuma ya migomba. Je, niuze ng'ombe ninunue spika kubwa zaidi? Tafadhali usichapishe jina langu, ingawa hapa mwenye spika ni mmoja.

Mimi Mwenye Haya,
Kebirigo

*

Ndugu Mwenye Haya,

Pole, na huyo ng'ombe mwache ale majani.

Umeuliza habari za spika, lakini kidonda kiko kwa shemeji, kwa hiyo tuanzie hapo. Mkwe akijikwaa ukweni husema mguu ni wake, hausemi vibaya uwanja wa watu. Wewe ulimwaibisha binti wa watu hadharani ili sanduku lako lisiaibike. Kumwomba radhi kando ya jiko hakutoshi. Nenda kwanza kwa mama mkwe, mchana, umevaa vizuri, ukaseme ulichofanya. Kisha Sabato ijayo simama kanisani useme, "Nyanchera hakukosea, nilikosea mimi." Halafu ukae. Usiongeze "lakini". Nimesoma barua yako, najua utatamani kuiongeza.

Mwombe arudi kuimba. Akikataa, nyamaza, sauti ni yake. Akikubali, rudisha kile kitufe katikati, rekodi upya, na kabla kanda haijatoka mlangoni kwako icheze pia kwenye redio ndogo na duni ya jirani. Watu wako watasikilizia huko. Hawatakuja wote sebuleni kwako.

Yule muuzaji alikuambia kweli, ila usirudi dukani kwake bado. Kila ulipocheza kanda, sauti nyembamba ilikwama ndani ya ile sufu, nawe ukaiongeza, ukaiongeza, mpaka ikawa kisu. Na ole wako umwendee Mokeira kwa makelele ukidhani sasa umepata mtu wa pili wa kulaumu! Yeye alifuma, aliyekuwa akisikiliza ni wewe. Msaidie kuvikunja vile vitambaa, mvitandike kwenye viti.

Spika zako hazina ubaya wowote. Zimevaa sweta.