Kocha Kwenye Sofa Yangu

Alhamisi, Oktoba 2006

Mbichi! Nimehangaika na pilau tangu mchana, halafu kocha wa chuo anakaa kwenye sofa yangu na kusema Baraka wangu bado mbichi. Mtoto ana mwili kama kabati la nguo, mbichi vipi?

Kwenye huu mpira wa Kimarekani, wa kushika kwa mikono na kusukumana, kazi ya Baraka uwanjani ni kumkinga mrusha mpira asiangushwe. Kocha anasema nguvu anazo, ila anasimama wima mno, wapinzani wanamsukuma. Nikacheka. Miaka sita nawanyanyua wazee vitandani kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nisijue kuinama?

"Simama, baba, nikuoneshe," nikamwambia kocha.

"Mama, please!" akalia Baraka.

Nikatanua miguu, nikakunja magoti, mgongo nikaunyoosha, mikono kifuani pake, nikamsukuma. Kocha akarudi kwenye sofa alikotoka.

"Tena," akasema, anahema. "Polepole, kijana aone."

Zamu ya Baraka, alisimama wima kama kawaida yake, nikampeleka mpaka ukutani. Mara ya pili akainama kama mimi. Nilisukuma hadi kilemba kikadondoka. Mwanangu hakusogea hata kidogo.

Kocha akaandika kwenye daftari lake. Jumamosi anakuja kumwangalia uwanjani ndipo aamue kama atampa nafasi ya kucheza na kusoma bure chuoni kwao. Bila nafasi hiyo sina namna ya kumsomesha, na hilo sijamwambia mtu. Kwa majirani nimeshasema amechukuliwa.

Kiuno kinaniwaka moto. Baraka akiuliza nitasema ni baridi tu, maana kesho jioni lazima nimsukume tena kabla ya hiyo Jumamosi.