Pombe ya Palizi ya Ihure

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Loduwa, Torit, 16 Juni 2018

Jina: Itwari Lohide. Umri: miaka 51, kwa makadirio ya dada yangu. Kazi: mkulima, muuza chumvi. Makazi: Loduwa, ng'ambo ya kijito.

Mnamo tarehe 14 Juni 2018, asubuhi, nilikuwa shambani kwa jirani yangu Ihure Oting, nikipalilia mtama pamoja na majirani wengine. Ihure ni mjane. Mumewe alipigwa risasi barabarani mwaka juzi, na mwaka jana hakuna aliyelima hapa kwa sababu ya vita. Shamba hilo ndilo chakula cha watoto wake, na magugu yalikuwa yameanza kuushinda mtama.

Afisa ameniuliza kwa nini Ihure alipika pombe kwa mtama wa msaada. Kwetu watu huitwa shambani kwa pombe. Hakuna pombe, hakuna majembe. Ukimlimia mtu bure umemtangaza ombaomba, naye hatakusamehe. Mtama mwingine hakuwa nao. Aliloweka ule wa mgawo, watoto wakala majani ya kunde.

Kabla ya adhuhuri alifika Bwana Odongi Lokiru, mwenyekiti wa kamati ya chakula. Alisema, "Mama, wahisani wamekupa chakula, wewe unafanya sherehe?"

Ihure akajibu, "Sherehe gani hii, shemeji, watu wote wameinama? Njoo uiname nawe, uone utamu wake."

Watu walicheka. Nadhani kicheko ndicho kilichomuudhi. Aliupiga mtungi teke, pombe ikanywewa na ardhi, kisha akamleta Ihure hapa kituoni. Sisi tukaondoka. Palizi imeishia nusu ya shamba. Chakula kilichookolewa sijakiona.

Afisa anasema kwao hakuna mambo haya. Nimemwambia kwao ni wafugaji, na ng'ombe hujilisha wenyewe.

Ihure akikaa ndani wiki hii, ile nusu nyingine imekwenda. Kwa hiyo jana kila nyumba ilitoa kibuyu cha mtama. Ni wa msaada pia, mwingine hatuna. Umeshalowekwa, uko kwangu. Pombe ikiiva tutamaliza shamba, mwenyewe awepo asiwepo. Kama ni kosa, mje wengi, na mje na majembe.

Niliyoyaona na niliyoyatenda ndiyo haya, wala sikushawishiwa na mtu.

Alama ya dole gumba: Itwari Lohide

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo yake kwa lugha anayoielewa, akayakubali. Nilimshauri aondoe aya ya mtama uliolowekwa. Alikataa. Chumba cha mahabusu hapa kinatosha watu wanne. Mtuhumiwa ameachiwa kwa dhamana, jioni hii.
Koplo Majok Ater