Jembe Lililonyamaza

Nshamba, Muleba

Kwako kaka Audax,

Sisi hatujambo kiasi. Kahawa imeiva, na yule ng'ombe mkaidi amezaa ndama jike. Sokoni bado wanaulizia kile kipande cha boksi ulichosimama nacho, kilichoandikwa "Tuacheni tuseme," kilichokupatia kifungo cha kazi ngumu. Wanauliza kwa kunong'ona.

Kaka, Tata amefariki. Mume wangu Lameki alikuja gerezani kukuambia, akarudishwa getini.

Unajua kwetu mtu akifa, kijiji kizima hakishiki jembe mpaka azikwe. Asubuhi ya mazishi palikuwa kimya hata tukasikia migomba ikidondosha umande. Ila ng'ambo ya bonde, kwenye shamba mnalopelekwa kulima, majembe yalikuwa yanapiga ndani ya ukungu, moja likipokea jingine kama watu wanaotwanga katika kinu kimoja. Hatukumwona mtu. Mama akasema, "Mwanangu analima, na baba yake bado yumo ndani."

Tulipomtoa Tata mlangoni, jembe moja likanyamaza. Moja tu, kaka waitu. Sote tulilisikia pengo lake, tukasimama na jeneza mabegani. Kisha firimbi ikalia, mtu akafoka, nalo likaanza tena, polepole, nyuma ya mengine.

Tumemzika kibanjani, kwenye migomba yetu. Mama anakusalimu. Tangu siku hiyo ananiuliza swali moja, nami nakuuliza wewe: nani alikwambia?

Ni mimi mdogo wako,
Gaudiosa