Neno Lililochelewa Kufika Miguuni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia kwa wino, ijapokuwa najua utaitikia marahaba kwa sauti hapo ulipokaa, kana kwamba nimebisha hodi mlangoni. Vipi kifua chako? Kile kikohozi cha asubuhi kimepungua, au bado unamficha Kaka Suleiman ili asikupeleke hospitali? Na mvua je, zimefika Msambweni, au mnaangalia mawingu tu? Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillahi. Baridi ya huku Uturuki nimeizoea kiasi, ila vidole bado hufa ganzi kabla ya mazoezi, na kipa asiye na vidole ni mlango usio na komeo.

Utajiuliza kwa nini naandika ilhali simu ipo. Tukizungumza kwa video natabasamu mpaka mwisho, kisha nalia. Juzi uliniuliza, "Mbona macho yamekuvimba?" nikasema ni mafua. Hayakuwa mafua, Mama. Kwa hiyo barua hii namkabidhi Dada Riziki wa Ukunda, anayefanya kazi hotelini mji huu, maana anakuja nyumbani likizo.

Nilikuambia tulishindwa mechi moja kubwa. Sikukuambia kilichotokea.

Kuna msichana hapa anaitwa Zeynep. Kwetu angeitwa Zainabu. Alikuwa beki wetu wa kati, mrefu, mcheshi, na ndiye aliyenipokea nilipofika sijui hata kuomba maji. Maneno ya uwanjani alinifundisha kabla ya maneno ya sokoni. Wiki ile alikuwa ameitwa timu ya taifa kwa mara ya kwanza. Mama yake alituletea vitamu mazoezini kwenye sinia, tukala mpaka kocha akatufukuza.

Mama, mimi hudaka kwa masikio kama ninavyodaka kwa macho, na hili sikulijua mpaka nilipokuja huku. Pale nyumbani, uwanja wa shule, kelele ni za kunguru na watoto tu. Mpira ukipigwa, nausikia ulivyogongwa. Ukigongwa sawasawa hutoa mlio mzito, ukikwanguliwa hutoa mlio mwembamba, na miguu yangu huondoka kabla sijawaza lolote. Ni kama wewe unavyojua mafuta yameiva kwa kuyasikia, ukatumbukiza mihogo huku unaongea na jirani. Na binamu yangu Mwanatumu, aliyekuwa akicheza mbele yangu, akipiga kelele "Richa!" kwa Kidigo chetu, kwamba niuache mpira, mikono yangu ilishuka yenyewe. Neno lile halikuwa na haja ya kupita kichwani.

Siku ya mechi ile mashabiki walikuwa na ngoma nyuma ya lango langu. Krosi ikapigwa kutoka kulia. Sikusikia mguu ulivyougonga mpira. Niliuona tu umeshakuwa hewani, na mshambuliaji wao anakuja mbio. Zeynep akapiga kelele. Sasa, kwa lugha yao, kumwambia kipa atoke ni "chik". Kumwambia ajiondoe, kwamba mpira ni wa beki, ni "chekil". Nilisikia mwanzo wa neno, mwisho wake ukamezwa na ngoma. Nikasita kidogo nikilitafuta neno kwa Kiswahili, kidogo tu, kama kupepesa jicho, kisha nikaamua ameniambia toka. Nikatoka kwa nguvu zangu zote.

Alikuwa ameniambia nijiondoe.

Nilimkuta anatua kwa mguu mmoja, nikaliangukia goti lake na uzito wangu wote. Mpira ukajiendea golini polepole, bila hata kuguswa tena. Mama, nililisikia goti lile. Katika kelele zote za siku ile, hicho ndicho nilichokisikia vizuri.

Daktari alisema atatembea, hata kukimbia atakimbia, lakini mpira wa kiwango kile asahau.

Nilikwenda hospitali nikamkuta mama yake kwenye ukumbi. Niliinama nimbusu mkono kama wanavyofanya huku kwa wakubwa. Akauvuta.

"Wewe ndiye?"

"Ndiye mimi, mama."

"Hukumsikia mwanangu alipokuita?"

"Nilimsikia. Sikumwelewa."

Akageukia dirisha. Sikumlaumu, wala simlaumu.

Zeynep mwenyewe hakuniacha nimalize kuomba radhi. "Nilijua kuna ngoma," alisema. "Ningeita jina lako tu, ungesimama." Tukalia, kila mmoja akiling'ang'ania kosa liwe lake, mpaka muuguzi akaja kutazama kuna nini.

Mechi iliyofuata sikutoka golini kabisa. Krosi zilikuja nikabaki kwenye mstari nikiwaza: ni wangu, si wangu, nani yuko karibu? Kipa akianza kuwaza, mpira haumngoji. Tukafungwa vibaya na kocha akaniweka benchi. Si mkali, yule kocha. Aliniambia, "Macho yako yanaona na masikio yanasikia. Baina ya hapo na miguu ndipo palipoziba."

Aliyekuja kupazibua ni Zeynep. Siku moja tukiwa mazoezini tulimwona anaingia na magongo yake, akaomba kiti cha plastiki, akaketi nyuma ya lango langu. Alikuja na spika, akafungulia kelele za ngoma, akaanza kunipigia kelele juu yake. Nilikosea, nikakosea tena, mpaka nikatupa glavu chini.

"Haya maneno mawili yanafanana mno," alisema. "Kwenu mnasemaje?"

Nikamwambia. Akawaita mabeki wote, akawafundisha kusema "Richa!" na kabla yake jina langu. Mama, ungewasikia! Hiyo "r" yao inakwaruza kama kifuu juu ya sakafu.

Nimesharudi golini. Katika mechi yangu ya kwanza krosi ikaja, yule beki aliyeshika nafasi ya Zeynep akapiga kelele, "Mwanamisi, richa!" Nikabaki, akautoa kwa kichwa. Ndiyo hivyo tu, wala hakuna aliyeshangilia. Nilipogeuka nilimwona Zeynep jukwaani, ameinama, anafuta macho kwa ncha ya mtandio.

Kocha amenitaka nibaki msimu mwingine. Nimekubali, lakini ile furaha uliyozoea kuisikia kwangu, usiitafute kwanza.

Mwambie Kaka Suleiman, kwa kuwa sasa ndiye anayewafundisha wasichana wa pale shuleni, awazoeze kuitana jina kwanza, ndipo neno lifuate, na maneno yao yasifanane. Msalimie yeye na wifi yangu. Msalimie Mwanatumu, akija kutoka kazini Diani, umwambie sijapata beki mwenye sauti kama yake. Baba mdogo wa Mkongani mpe salamu zake na za mbuzi wake, na shangazi wa Matuga mwambie sijamsahau. Jirani yetu Mama Mutua naye msalimie sana. Najua akisikia habari hii ataipeleka kanisani kwake, na aipeleke tu, nimeridhia.

Nawe, Mama, nina ombi. Ukiinua mikono baada ya swala, muombee. Usiseme rafiki wa mwanangu, wala yule msichana wa Kituruki. Mtaje kwa jina: Zeynep binti Emine. Emine ndiye mama yake; mpaka leo haitikii salamu yangu, na sitaki abaki peke yake katika kumuombea mwanawe.

Mwanao anayekupenda,
Mwanamisi