Mke Akitembea, Mpira Hutembea

Kikoneni,
kwa posta ya Msambweni, Kwale.
Jumatatu, 13 Machi 1972.

Mpendwa dada yangu Biasha,

Hapana, dada, hakuna aliyenifungia kwa kufuli. Hilo uliloliandika, kwamba shemeji Iddi yuko tayari kuvuka mpaka kutoka huko kwenu Tanga aje kuuvunja mlango, lilinichekesha likaniliza kwa pamoja. Mlango uko wazi tangu alfajiri hadi magharibi. Nauona kutoka hapa nilipokaa. Ila mimi ndiye nisiyepita, na leo nataka nikueleze sababu yake yote ili usimchukie mtu.

Lakini adabu kwanza. Shikamoo dada. Hujambo na uzazi? Maziwa yanatoka vizuri? Na huyo Mapenzi, mwanao ambaye sijamtia machoni, analala usiku au anakukesheza? Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Mama yetu huko Bodo nimeletewa salamu zake. Naye hajambo, isipokuwa goti lake la kushoto.

Leo nimetimiza miezi miwili na siku sita tangu nilipoolewa. Dada, sijui nianzie wapi. Chirau ndiye mume ambaye sisi wasichana wa bweni tulikuwa tukimwandika kwenye kurasa za nyuma za madaftari, ila hatukujua kumwandika akawa mzuri kiasi hiki. Unajua kwamba mkono wake wa kushoto ni mweupe kuliko wa kulia? Ni kwa sababu ya glavu anayoivaa anapocheza. Anapokuwa nyumbani hunipa mkono huo niushike, kwa kuwa, asema, huo ndio ambao jua halijauona.

Kazi yake nayo bado watu wengi hawaielewi. Alianza kwa kubeba mifuko ya wachezaji wa gofu kule Mombasa, akajifunza kwa macho, na sasa ni mchezaji wa kulipwa, mmoja katika Waafrika wachache wanaoshindana na Wazungu kwa haki sawa. Msimu huanza Januari na kwisha Machi. Karibu kila wiki ni mji mwingine, kuanzia Alhamisi hadi Jumapili, mashimo kumi na manane kila siku. Ijumaa jioni waliofanya vibaya hukatwa, wakafungasha wakaenda zao. Na mwenye mapigo machache ndiye bora. Hili la mwisho lilitutaabisha, kama utakavyoona.

Mashindano ya kwanza yalikuwa Nairobi, mara tu baada ya arusi. Chirau aliondoka nikiwa bado bibi arusi wa ndani, sijatoka hata kwa jirani. Akawa wa pili. Wiki iliyofuata yeye alikwenda Nyeri, nami nikaomba ruhusa nikamwone mama Bodo. Niliporudi Ijumaa jioni niliwakuta wote wanakula kuku. Redio ya Mzee Kibwana, mwenye duka la mkabala na sisi, ilikuwa imetangaza kwamba Chirau amepata themanini na moja, na mavyaa wangu, Bi Mbodze mamake Chirau, alikuwa amepiga vigelegele akachinja jogoo. Nyama ilikuwa imefika nusu Mzee Kibwana alipokuja kueleza kuwa themanini na moja ni msiba, na kwamba kijana wetu amekatwa.

Mavyaa aliweka chini paja la kuku. Akanitazama nami bado nimeshika kikapu changu cha samaki wa Bodo.

"Wewe umetoka wapi?" akaniuliza, ingawa alijua.

Dada, ni lazima ujue kwamba Bi Mbodze ni binti wa mwindaji. Baba yake aliwinda katika vilima vya Shimba miaka mingi, na kwao mume akiwa porini mke hukaa. Havuki kizingiti, hafagii kuelekea nje, hagombani na mtu. Mke akitembea, mnyama naye hutembea, na mshale huangukia majani. Mavyaa aliyapima mashindano yale mawili, lile nililokaa na lile nililotembea, akapata jibu. Mke akitembea, mpira nao hutembea.

Nilicheka moyoni. Mimi nimesoma hadi kidato cha nne, nimejifunza fizikia, najua kinachousukuma mpira na kinachousimamisha. Lakini nilikuwa bibi arusi wa siku kumi na tano, na nilifikiri, siku nne tu, nitakaa nishone foronya. Basi nikakaa. Chirau akawa wa tano huko Kisumu.

Hapo ndipo siku zilipoanza kuongezeka. Jumatano yeye hufanya mazoezi, kwa hiyo nayo nikae. Jumanne yumo safarini, na safari ndiyo mbaya zaidi. Ikabaki Jumatatu. Jumatatu ndiyo siku yangu, dada. Nateka maji, nakwenda sokoni, nasalimia watu, kisha jua likizama narudi ndani. Foronya nimeshashona kumi na moja, na vichwa humu ndani ni vitatu.

Usidhani nateswa. Chakula naletewa, nguo nafuliwa. Wanawake wa jirani hupita mlangoni wakaniita, "Kaa, mwanangu, kaa, sisi tuko nyuma yako," kama watu wanaoshangilia mpira. Ningetukanwa ningejua la kujibu. Lakini mtu anayekuletea uji wa moto na dua njema, utamwambia nini?

Sasa nikuambie siri ambayo si siri tena. Mwezi uliopita Chirau alikuwa Kitale, na mavyaa alikwenda msibani Lunga Lunga siku tatu. Akamwacha wifi yangu Jumwa anilinde. Jumamosi alfajiri Jumwa akaamka shavu limevimba kama embe bolibo, analia na jino.

"Wifi, nipeleke hospitali," akaniambia.

"Nami nimekatazwa kutoka, na mlinzi wangu ni wewe."

"Mlinzi anakufa. Chukua buibui langu."

Tukapanda basi la kwanza mpaka Msambweni. Nilimshika kichwa jino ling'olewe, akaning'ata kidole, alama ipo hadi leo. Halafu, dada, tulikuwa na saa nzima ya kungoja basi la kurudi. Tulishuka ufukweni. Nilikunja nguo nikasimama majini hadi magotini, Jumwa akiwa mchangani na pamba mdomoni akinifanyia ishara kwamba tutachelewa. Sikuwa nimelia tangu arusi yangu. Siku ile nililia, wala sikuwa na huzuni yoyote ya kuitaja.

Jioni Mzee Kibwana akaja mbio kutoka dukani. Sitini na sita. Hakuna mtu yeyote Kitale, Mwafrika wala Mzungu, aliyepiga vizuri hivyo siku ile.

Na Jumapili nilipokaa kwelikweli, nikatulia hata shingo ikaniuma, alipiga sabini na saba akaangukia nafasi ya sita. Mavyaa aliporudi hakuishika ile ya Jumapili. Aliishika sitini na sita. Alinikumbatia mbele ya majirani. "Umetulia kama figa, mwanangu. Mwaka ujao tutaanza mapema, tangu Desemba."

Jumwa alinifinya kwa nyuma ninyamaze. Baadaye akaniambia, "Tukisema, kila pigo baya atakalopiga ndugu yangu mpaka azeeke litakuwa letu mimi na wewe." Nikarudi kwenye foronya zangu.

Wiki ile Chirau alikuja nyumbani siku mbili. Nilikuwa nimekwisha kupanga maneno ya kumwambia. Tuliketi hapa chumbani, akanipa mkono wake mweupe, akasema, "Unajua kinachonisaidia ni nini? Nikishika ile fimbo fupi ya kusukumia mpira shimoni, kabla sijapiga nakuona. Umekaa hapa, karibu na dirisha, kichwa umekiinamisha kwenye ushoni wako. Mkono wangu unatulia wenyewe. Usipokuwepo pale, siwezi."

Dada, sidhani kama kuna mke aliyewahi kuambiwa neno tamu kuliko hilo. Nilijisikia kama asali iliyomwagwa juani. Na papo hapo, ndani ya utamu huo, nikasikia mlango unafungwa, ule ambao mavyaa hakuweza kuufunga. Nikayameza maneno yangu yote. Nikamtengenezea chai.

Ndiyo maana ulipoandika kwamba arubaini ya Mapenzi ni tarehe 28, na kwamba unataka nimbebe mimi siku hiyo atakapotolewa nje, sikukujibu. Mashindano ya mwisho ya msimu ni Nairobi, tarehe 23 hadi 26. Niliona sitafika, na sikujua jinsi ya kumwandikia dada aliyenilea mgongoni kwamba siji kwa sababu ya mpira mdogo kuliko limau.

Sasa sikiliza yaliyotokea juzi. Chirau alikuwa Nakuru. Nilikaa tangu Jumanne. Ijumaa jioni redio ikasema amekatwa. Jumamosi asubuhi mavyaa akaja akasimama mlangoni.

"Ulikwenda wapi?"

"Sikwenda popote, mama."

"Mguu wako haukuvuka kizingiti?"

"Haukuvuka."

"Basi aliyevuka ni nani? Mbuzi?"

Jumwa alikuwa barazani anamenya muhogo. Nikaona kisu kimesimama. "Mama," akasema, "siku ya sitini na sita hakuwamo humu. Alikuwa Msambweni, amenishika kichwa ning'olewe jino. Mimi nilikuambia nilikwenda peke yangu. Na jana alikaa, na juzi alikaa, nawe umeona faida yake."

Nilidhani nyumba itatuangukia. Mavyaa alikwenda akakaa kwenye mbuzi yake ya kukunia, bila nazi, akawaza mpaka adhuhuri. Nami nikamwandikia Chirau palepale, huko Nairobi anakongoja mashindano ya mwisho, kabla mtu mwingine hajamwambia. Nilimweleza ya basi, ya jino, ya maji hadi magotini. Nikamwandikia kwamba siku alipopiga vizuri kuliko siku zote za maisha yake, yule aliyemwona dirishani hakuwepo. "Mpenzi wangu," nikasema, "ukishika fimbo ile, tazama shimo. Usinitazame mimi." Bado hajanijibu. Naogopa, dada, kwa sababu nampenda, na kama mkono wake utatetemeka Nairobi nitakuwa nimeutetemesha mimi.

Jana mavyaa aliniita. Alikuwa ameoga, amejifunga leso mpya, kama mtu aliyemaliza shauri zito.

"Nimekosea," akasema. "Mnyama huyu si wa kukaliwa. Ni wa kutembelewa. Wiki ya Nairobi nisikuone hapa."

"Niende wapi, mama?"

"Mbali. Kwa Msambweni amepata sitini na sita. Kwa Tanga atapata hamsini."

Jumwa alikimbilia jikoni ili asionekane akicheka. Mimi sikucheka. Nilimbusu mkono mavyaa, nikashukuru, nikaja humu chumbani nikakaa, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba hata kutoka kwangu nimetumwa. Chirau akishinda Nairobi, msimu ujao nitazungushwa nchi nzima na kikapu changu, nikatazwe kupumzika. Akishindwa, nitarudishwa dirishani. Hakuna aliyeniuliza mimi nataka nini, na la kusikitisha ni kwamba wote wananipenda.

Kwa hiyo nimejiuliza mwenyewe. Nataka kumbeba Mapenzi atakapotolewa nje. Nataka pia mume wangu ashinde, lakini hayo ni mambo mawili, na kuanzia leo sitayafunga kamba moja. Hata mavyaa akigeuza neno kesho, hata barua ya Chirau ikija ikiniomba nikae, nitamjibu kwa mapenzi yangu yote, nami nitamjibu kutoka kwako.

Nisalimie sana shemeji Iddi, umwambie aiweke chini hiyo nyundo. Nisalimie mama mkwe wako, na Shutu jirani yako aliyekushika mkono siku ya uchungu. Mama amekutumia dua, na Jumwa asema atakuombea bila jino. Mungu amkuze Mapenzi, amfungulie kila mlango atakaoufikia, nawe akurejeshee nguvu zako.

Jumatano tarehe 22 nitapanda basi la asubuhi la Lunga Lunga, hadi mpakani. Niwekee mahali pa kulala karibu na mtoto, maana mwezi huu hautakwisha kabla sijafika.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kwa moyo wote,
Mwanapili