Mshono wa Pili wa Kanzu

Jumanne, 9 Julai 2024

Kanzu karudi kwao! Mzee Mwinjuma, aliyeniuzia njiwa huyu, kapiga simu kutoka Masaki: katua juu ya banda lake la zamani, kipanga kamchana kifua. Aliniambia nimfungie mwezi mzima azoee Kibaha. Mimi siku ya kumi na moja nikamfungulia, wateja wamwone anavyozunguka juu ya kibanda changu. Mtu mzima, sifa za kitoto.

Nimekwenda na pikipiki, boksi la viatu mapajani. Gole lake — kile kifuko cha chakula — limetoboka. Anakula mtama, mtama unadondoka kifuani. Mzee kashauri tumchinje asiteseke. Nimekataa. Nashona suti, nitashindwa njiwa? Akamshika, nikachemsha sindano na uzi. Mishono saba, midogo, imenyooka. Mzee hakusifia.

"Fundi Didas, ukiambiwa wiki unafanya mwezi. Mara moja tu umeambiwa mwezi, umefanya siku kumi na moja."

Nimemlaza Kanzu kwenye boksi, nimerudi naye Kibaha.

Jumatano, 10 Julai

Kanywa kidogo. Mke wangu Wilhelmina kavaa miwani, kaukagua mshono, kauliza mbona sketi yake ya kwaya haijawahi kupata mshono kama huo.

Alhamisi, 11 Julai

Mbaya. Mshono unavuja, unanuka. Kanzu kajikunyata, macho kafumba.

Nimempigia Daktari Vailet wa mifugo. Yupo Ruvu kwenye chanjo ya ng'ombe, anarudi kesho jioni. Nikamsimulia kazi yangu, kwa majivuno kidogo. Akauliza nimeshona tabaka ngapi. Nikasema moja: gole na ngozi nimekusanya pamoja, imara kabisa. Akaniuliza tena:

"Fundi, koti ukilishonea bitana na kitambaa kwa mshono mmoja, litakaaje?"

Nilitamani kuingia chini ya cherehani. Gole linashonwa peke yake kwanza, ngozi baadaye, peke yake. Na mimi nina miaka ishirini na sita kwenye makoti! Nikauliza kama tunaweza kumsubiri. Akasema hatamkuta hai. Nifumue leo, tena mchana kuna mwanga.

Saa kumi. Nimefumua. Wilhelmina ndiye aliyemshika, mikono yake imetulia kuliko yangu. Yote saba nje. Maji ya chumvi. Gole, mishono mitano. Ngozi, sita. Katikati shingo ililegea — nikaacha sindano. Wilhelmina akampulizia usoni, ikakaza. Akaniambia niendelee, nitalia nikimaliza.

Sijalia. Bado sijamaliza.

Ijumaa, 12 Julai

Yu hai. Hali, hanywi, mpaka kesho saa tatu. Amri ya daktari. Jioni kapita mwenyewe, kamdunga dawa. Hakusema atapona. Kasema tu kwamba safari hii ameshona fundi.

Jumamosi, 13 Julai

Saa tatu kasoro. Nimemtandikia Kanzu kitambaa cheupe, tone likivuja lionekane.

Kabla sijamwekea maji, Bi Hamisa kaingia. Kafuata gauni lake la harusi ya mdogo wake. Harusi kesho. Gauni bado halina mikono. Nikajieleza, nikingoja kusemwa mpaka na majirani wasikie. Akamtazama njiwa, akavuta stuli.

"Mpe maji basi, tuone."

Nimempa. Kazamisha mdomo, anavuta. Kifua kinajaa taratibu. Sisi watatu macho kwenye kitambaa, hata Wilhelmina kaacha kufagia.

Kikavu.

Bi Hamisa kaniambia nikashone mikono, kuangalia ataangalia yeye. Nimekaa kwenye cherehani, naandika haya badala ya kushona. Akinifuma!

Tone moja. Wilhelmina anasema la mdomoni. Bi Hamisa naye anasema la mdomoni, ila kasogeza stuli karibu. Mimi nimeweka sindano kwenye maji yachemke, endapo ni la mshononi.

Kanzu anainama kunywa tena.